New Zealand na bunduki za nusu otomatiki: mlango ulikuwa kwenye magazini

Mrangi wa Kusini

Wakuu, amani iwe kwenu.

Kwenye ule uzi wa juzi wa umiliki wa silaha, nchi ninayoishi imetajwa mara nyingi na karibu kila mara kwa makosa. Mmoja kasema New Zealand walikusanya bunduki zote, raia wakabaki mikono mitupu. Mwingine kasema yalikuwa maonyesho ya wanasiasa, hakuna kilichobadilika. Wote wawili wamekosea. Niko huku kisiwa cha kusini, mkoa wa Canterbury, mwaka wa kumi na mbili sasa, nafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Sheria ya zamani niliikuta, mpya imepitishwa nikiwepo, na bunduki mojawapo iliyochukuliwa na hiyo sheria mpya nimesafiri nayo kwenye gari moja. Nitaandika kwa urefu, kwa sababu jambo lenyewe limekaa kwenye vitu vidogo, na ukiviruka utaishia kubishana kama tulivyobishana juzi.

Kwanza tuelewane ni bunduki gani tunayoizungumzia. Babu yangu kule Kondoa alikuwa na gobori. Nilikuwa nakaa naye akilishindilia: anamimina baruti mdomoni mwa mtutu, anasukuma kitambaa kwa ufito wa chuma, anatia gololi, anasukuma tena, anaweka fataki, ndipo anatulia kumsubiri nguruwe. Akimkosa, nguruwe kaondoka zake, maana kushindilia upya si kazi ya haraka. Bunduki ya komeo, ambayo wawindaji wengi wanatumia, ni hatua ya mbele: unavuta komeo, ganda linatoka, unasukuma, risasi inaingia. Lakini bado kila risasi inadai mkono. Nusu otomatiki imeuondoa huo mkono. Ukifyatua, nguvu ya baruti yenyewe inarudisha komeo nyuma, ganda linaruka, risasi inayofuata inapanda, na kidole chako kimebaki na kazi moja tu ya kuvuta tena. Inakwenda hivyo mpaka magazini, kile kiboksi cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki, iishe. Kwa hiyo kinachoamua wangapi watapigwa kabla mpigaji hajalazimika kusimama ni ukubwa wa magazini. Shikeni hapo.

Sheria ya silaha ya New Zealand ilitungwa mwaka 1983, na msingi wake ulikuwa mmoja: mchunguze mtu, bunduki zenyewe usihangaike nazo. Polisi wanamhoji mwombaji, wanawahoji wanaomfahamu, wanakwenda kuangalia anapofungia silaha nyumbani, wakiridhika wanampa leseni ya kawaida, daraja A. Tangu hapo alinunua bunduki za kawaida kiasi alichotaka, na hapakuwa na daftari la kuonyesha anazo ngapi. Tarehe 13 Novemba 1990, kwenye kijiji cha pwani cha Aramoana karibu na Dunedin, mwanamume mmoja aliua watu 13, mmoja wao sajenti wa polisi. Mwaka 1992 bunge likarekebisha sheria na kuunda kundi jipya, bunduki za nusu otomatiki za mtindo wa kijeshi. Za kundi hilo zilitaka idhini ya ziada, daraja E, na uchunguzi mkali zaidi.

Sasa tazameni mstari ulipochorwa. Bunduki ya nusu otomatiki ikiwa na magazini ya risasi 7 ilihesabika ya kawaida, mwenye daraja A anaibeba dukani. Bunduki hiyohiyo ikichomekwa magazini kubwa zaidi, imehama kundi, imekuwa ya kijeshi, na aliyeishika bila daraja E amevunja sheria. Na ile magazini kubwa? Iliuzwa wazi. Hukuulizwa leseni, hata ukiagiza mtandaoni. Yaani kilichotenganisha bunduki ya ruhusa na bunduki ya katazo kilikuwa kiboksi ambacho mtu yeyote angeweza kuletewa mlangoni kama viatu.

Na si kwamba hakuna aliyeona. Jaji mstaafu Thomas Thorp alipewa kazi ya kupitia sheria yote. Ripoti yake ya 1997 ilishauri bunduki za mtindo wa kijeshi zipigwe marufuku, serikali izinunue kutoka kwa raia, na kila bunduki nchini iandikwe. Ikawekwa kabatini. Miaka 22 ikapita.

Aliyewaua waumini misikitini Christchurch, mji wa huku Canterbury, jina lake silitaji. Jacinda Ardern, waziri mkuu wa wakati ule, alisema bungeni hatalitaja, na mimi namfuata. Muuaji huyo alikuwa Mwaustralia. Kwao, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur tarehe 28 Aprili 1996, serikali ya John Howard ilikubaliana na majimbo yote ndani ya siku 12, na bunduki za nusu otomatiki za risasi kubwa zikatolewa mikononi mwa raia wa kawaida. Zilizonunuliwa na kuharibiwa zilikaribia 650,000. Huyu mtu alihamia Dunedin Agosti 2017. Kufika Novemba alikuwa na leseni ya daraja A. Alichokuwa hawezi kukinunua kwao kama raia wa kawaida, huku alikinunua kihalali, dukani, kwa risiti. Magazini kubwa nazo akazinunua bila kuulizwa chochote. Kuzichomeka ndiko kulikokuwa kosa, na kosa hilo hufanyika chumbani, mlango umefungwa. Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019 akaenda msikiti wa Al Noor, kisha kituo cha Kiislamu cha Linwood. Watu 51, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu.

Al Noor nimeswali mara nyingi. Ijumaa ile zamu ya kukamua mchana ilikuwa yangu, ndiyo maana sikwenda. Simu niliiacha kwenye kizingiti cha dirisha la banda, ikaanza kutetema, ikatetema mpaka ikasogea yenyewe na kuangukia kwenye maji ya kuoshea sakafu. Nilipoiokota niliona jina la rafiki yangu wa Kisomali aliyekuwa akiniweka nafasi safu ya pili. Yeye alipona. Siendelei hapo.

Siku sita baadaye, tarehe 21 Machi, serikali ilitumia amri kuzihamishia karibu bunduki zote za nusu otomatiki kundi la kijeshi, ili watu wasikimbilie madukani kabla sheria haijapita. Tarehe 10 Aprili bunge likapiga kura, 119 kwa 1. Aliyepinga alikuwa David Seymour wa chama cha ACT. Sheria ikaanza tarehe 12 Aprili, haijatimia hata mwezi. Safari hii walianza na kiboksi: magazini kubwa yenyewe ikawa marufuku, hata ikiwa imelala peke yake mezani bila bunduki. Vipuri vya kuibadilisha bunduki, marufuku. Ukikutwa na bunduki iliyokatazwa bila sababu ya kisheria, kifungo kinafika miaka mitano.

Bosi wangu ni mzee aliyezaliwa shambani hapa. Alikuwa na nusu otomatiki moja, aliinunulia mbuzi mwitu na paa wanaoshuka mlimani. Jumamosi ya tarehe 13 Julai 2019, siku ya kwanza ya serikali kuzikusanya na kuzilipia bunduki zilizokatazwa, tulikwenda wote Christchurch kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Riccarton, kwa kuwa nilikuwa na shughuli zangu mjini. Asubuhi ilikuwa ya baridi kali. Watu walishuka kwenye magari na mifuko mirefu, wengine wamezifunga kwenye blanketi, na hakuna aliyekuwa anazungumza na mwenzake. Mimi nilibaki kwenye gari. Aliporudi mfuko mikononi mwake ulikuwa mtupu, akaukunja taratibu kama anavyokunja magunia, akaniambia bunduki waliipima, wakaiweka kwenye daraja la "imetumika, hali nzuri", atalipwa asilimia 70 ya bei ya msingi. Mpya ilikuwa asilimia 95 na mbovu 25. Akaniambia pia kuna mashine inayoubana mtutu mpaka unapinda kama kiwiko, na kwamba aliomba kuiona ya kwake ikibanwa. Njia nzima mpaka shambani hakusema lingine.

Siku ile watu 169 walirudisha bunduki 224. Kufika tarehe 20 Desemba zilikuwa zimezidi 56,000, na vipuri na magazini 188,000 hivi, na serikali ilikuwa imewalipa wenyewe zaidi ya dola milioni 100 za huku.

Zilizobaki halali ni nyingi tu: bunduki za komeo, nusu otomatiki ndogo za .22, zile za risasi nyembamba, zenye magazini isiyozidi risasi 10, na shotgun zenye mrija wa risasi usiozidi 5. Bosi bado ana .22 yake ya sungura. Wanaofanya kazi maalumu ya kuangamiza wanyama waharibifu wanaweza kuomba idhini ya kutumia zile kubwa. Kwa hiyo anayesema raia walibaki mikono mitupu hajui anachosema.

Hoja yangu ni hii. Watu wanauliza sheria ni kali au legevu, wanahesabu kurasa na vifungo. New Zealand ya 2018 ilikuwa na usaili, wadhamini, ukaguzi wa kabati, ilionekana kali. Lakini kitu kilichoifanya bunduki iwe ya kuua umati kiliachwa kiuzwe huru. Ukitaka kujua sheria inazuia nini, angalia kitu kidogo kabisa ambacho haikukiandika.

Karibuni.

Shamba Mvomero

Mkuu, kwanza pole kwa yaliyokupata. Uzi umeshiba.

Mimi ni mmiliki halali, nina shotgun moja kwa ajili ya nguruwe na nyani wanaomaliza mahindi. Barua yangu ilianzia serikali ya kijiji, wakakaa kikao, ikapanda wilayani kwenye kamati ya usalama, ikaenda mkoani, nikachukuliwa alama za vidole. Niliitwa mara tatu kueleza kitu kilekile. Silalamiki. Kwenye kile kikao cha kijiji alisimama mama mmoja jirani akasema, "Huyu akilewa anapiga kelele, mmemuuliza kama ameacha?" Nilikuwa nimeacha miaka minne. Ilinibidi nijibu mbele ya watu wote. Nilichukia siku ile, leo naona yule mama alifanya kazi ambayo polisi wa mkoani asingeiweza.

Nusu otomatiki kwetu raia wa kawaida hata hafikirii. Hata kwenye uwindaji, sheria ya wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda kwa silaha ya otomatiki au nusu otomatiki, na wageni wanaokuja kuwinda na mabunduki yao ya gharama wanakuja na za komeo.

Ninachokataa ni hiki: bosi wako kakosa nini? Kafuata sheria miaka yote, kaja mhalifu mmoja, mzee kapoteza mali yake kwa fidia ya asilimia 70. Wenye nia mbaya hawakwenda Riccarton.

Mrangi wa Kusini

Kaka wa Mvomero, asante. Swali lako nilimuuliza bosi mwenyewe, si siku ile, miezi kadhaa baadaye tukitengeneza uzio. Alisema anaona ameonewa na anaona pia ilibidi, na hajapata namna ya kuyaunganisha hayo mawili. Mimi pia sina. Wapo wakulima wenzake ambao mpaka leo hawajasamehe, hasa baada ya Desemba 2019, ilipogundulika mtandao wa kuandikisha bunduki za kurudisha uliacha taarifa za wamiliki wazi kwa mtu asiyestahili kuziona. Kama wewe una silaha nyumbani, mwizi akijua anwani yako ni hatari ya kweli. Hapo serikali ilikosea na ilistahili kulaumiwa.

Kuhusu wenye nia mbaya hawakwenda: ni kweli, viongozi wa magenge walitamka hadharani kwamba hawarudishi. Lakini bunduki ya genge inatoka wapi? Huku hakuna kiwanda cha bunduki za kijeshi. Nyingi ziliingia nchini kihalali, zikauzwa dukani kwa mwenye leseni, kisha zikaibwa shambani au zikauzwa kwa siri na mwenye leseni mwenyewe, na kwa kuwa hazikuandikwa popote hakuna aliyeweza kumuuliza, "Ile ya pili iko wapi?"

Bi Kilindini

Assalamu alaikum. Nimesoma hadi hapo pa simu nikaiweka chini kwanza, nikarudi.

Nina swali moja, ndugu Mrangi. Umesema polisi walikuwa wanahoji mtu na wanaomfahamu. Huyu alikuwa amefika juzi tu nchini, hana ukoo, hana kazi, hana jirani anayemjua. Alipitaje? Huyo mama wa kikao cha kijiji wa Mvomero angemwuliza.

Mrangi wa Kusini

Waalaikum salaam, Bi. Umegusa palepale.

Serikali iliunda Tume ya Kifalme ya Uchunguzi, ripoti yake ikatoka tarehe 8 Desemba 2020. Ilionyesha kwamba sheria ilitaka mdhamini mmoja awe ndugu wa karibu. Yeye alimwandika dada yake, aliyekuwa Australia. Badala ya kumtafuta huyo dada, walikubali rafiki ambaye kufahamiana naye kulikuwa zaidi kwa michezo ya kompyuta mtandaoni, pamoja na mzazi wa rafiki huyo. Basi. Watu waliombwa kueleza tabia ya mtu ambaye hawakuwa wakiishi naye. Tume ilisema wazi kwamba polisi hawakuitekeleza kazi yao ya leseni inavyopasa.

Kwa hiyo mlango ulikuwa wa vitasa viwili. Kitasa cha mtu kilishikwa kwa uzembe, na kitasa cha magazini hakikuwepo kabisa. Kingekuwepo cha pili, uzembe wa kwanza ungemwachia bunduki ya risasi saba.

Dada wa Edmonton

Habari zenu. Nipo Kanada mwaka wa tisa na huu mjadala tunao kila uchaguzi, ngoja niongeze ya kwetu, maana yanafanana na yanatofautiana.

Kanada magazini za nusu otomatiki za risasi kubwa zilibanwa tangu miaka ya tisini, mwisho risasi 5. Sasa mnajua inavyofanyika? Wanachukua boksi la risasi 30, wanalipiga ribiti ndani ili lisijae zaidi ya tano. Sheria imetimizwa. Mwenye drili na nia mbaya anaing'oa.

Halafu kuna bunduki inaitwa Mini-14. Tarehe 6 Desemba 1989 mwanamume aliinunua kihalali na kuingia nayo chuo cha uhandisi cha École Polytechnique, Montreal, akawatenga wanawake na kuwaua 14. Mimi ni fundi umeme na binti yangu anasomea uhandisi, kila mwaka tarehe hiyo tunawasha taa dirishani. Mini-14 iliendelea kuuzwa miaka 30 baada ya hapo. Ilipigwa marufuku tarehe 1 Mei 2020, Trudeau, waziri mkuu wa wakati ule, alipotangaza kuzuia aina 1,500 hivi za bunduki, ikiwemo ile nusu otomatiki inayoitwa AR-15, baada ya mtu mmoja kuua watu 22 Nova Scotia mwezi uliotangulia. Na huyo wa Nova Scotia hakuwa hata na leseni; silaha zake nyingi zilivushwa mpakani kutoka Marekani.

Tofauti yetu na ninyi ni kwamba New Zealand walikataza wakakusanya ndani ya miezi. Huku walikataza, wakatoa muda wa msamaha, wakauongeza, wakauongeza tena. Jirani yangu mmoja miaka mitano baadaye bado alikuwa nayo kabatini, haruhusiwi kuitumia, haruhusiwi kuiuza, na hakuna aliyekuja kuichukua. Ukimwuliza kama sheria imemzuia kuipata atakuambia, "Kuipata? Ipo hapo."

Mwana Laikipia

Jameni, hongera kwa uzi, lakini mimi natoka upande ambao hayo ya madukani hayatufikii kabisa.

Kenya sheria iko. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, ukipatikana na AK-47, G3 au nyingine za aina hiyo bila ruhusa unaweza kufungwa maisha. Maisha, sio miaka mitano. Na ile AK si ya nusu tu, ukiweka kile kiswichi katikati inamwaga. Sasa njooni mniambie mchungaji wa miaka kumi na saba kule Baringo ameitoa wapi. Hakuhojiwa na polisi, hakuleta mdhamini, hakuna duka. Imepita mpakani kutoka kwenye vita vya majirani, ikauzwa kwa ng'ombe. Mwaka 2023 serikali ilipeleka jeshi Bonde la Ufa kaskazini, ikatoa amri watu wasalimishe bunduki kwa siku chache, operesheni ikaitwa Maliza Uhalifu. Zilirudi chache. Mtu hatoi bunduki wakati jirani aliyemchukulia mifugo mwaka jana bado anayo yake. Mjomba wangu aliniambia hivi: "Serikali ikilala hapa kwangu usiku mmoja na isikie ninachosikia, nitawapa na hizi viatu."

Kwa hivyo mimi nasema sheria kali inazuia bunduki inayopitia mlangoni. Yetu inapitia ukutani.

Mrangi wa Kusini

Ndugu wa Laikipia, sina la kukupinga. Nchi hii ni visiwa, jirani wa karibu yuko mbali kwa saa tatu za ndege, na hakuna vita upande wa pili wa mto. Karibu kila bunduki ilipita forodhani na dukani, ndiyo maana kuufunga mlango kulionyesha matokeo. Anayechukua sheria ya huku na kuibandika Baringo hajaielewa huku wala Baringo. Hata Dada wa Edmonton kaonyesha: ukiwa na mpaka mrefu na Marekani, nusu ya sheria yako iko mikononi mwa mtu mwingine.

Na nisifiche: hata huku haikufunga kila kitu. Juni 2020 konstebo kijana aliuawa Auckland, barabarani, kazini, bila silaha mkononi, na aliyempiga alitumia nusu otomatiki ambayo ilikuwa imeshakatazwa zaidi ya mwaka mzima. Tarehe 20 Julai 2023, asubuhi ya siku ya ufunguzi wa Kombe la Dunia la wanawake, mtu asiye na leseni aliingia kwenye jengo linalojengwa katikati ya Auckland akawaua wafanyakazi wawili. Yeye alikuwa na shotgun ya kupampu kwa mkono, si nusu otomatiki. Mkaguzi Mkuu wa serikali alipoupima mpango wa kununua bunduki mwaka 2020 alisema uliendeshwa vizuri, lakini hakuna awezaye kusema umefaulu kiasi gani, kwa sababu hakuna aliyejua zilikuwapo ngapi tangu mwanzo. Fikirieni. Umekusanya 56,000 na hujui kama ni karibu zote au robo yake.

Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kidogo: mgeni anayefika leo Dunedin na leseni ya kawaida hawezi kuingia dukani akatoka na alichotoka nacho yule.

Shamba Mvomero

Hapo nimekuelewa, mkuu. Swali la mwisho kutoka kwangu: hizi zilizobaki, .22 na za komeo, sasa wanaziandika au bado ni mtindo wa kumwandika mtu tu? Maana kwetu namba ya silaha iko kwenye kitabu changu cha umiliki, wakija kukagua wanaisoma chumani.

Mrangi wa Kusini

Wanaziandika sasa, kaka. Daftari la taifa lilifunguliwa Juni 2023 chini ya mamlaka mpya ya usalama wa silaha, Te Tari Pūreke, na kila mwenye leseni ana mpaka 2028 awe ameziandikisha zote. Siasa bado ni moto: waziri mdogo Nicole McKee wa ACT, aliyekuwa msemaji wa wamiliki kabla ya kuingia bungeni, ndiye aliyekabidhiwa kusimamia kuiandika upya sheria nzima ya 1983, na ndugu wa waliouawa wamekuwa wakifuatilia kila kifungu.

Bosi hakusubiri 2028. Macho yake hayaoni vizuri karibu, kwa hiyo aliniita jikoni jioni moja baada ya kukamua, akaweka .22 juu ya gazeti, komeo limetolewa, magazini pembeni, akamulika tochi upande wa chuma na mimi nikawa nasoma namba anaandika. Bunduki ni ya baba yake, tarakimu mbili za katikati zilikuwa zimefutika kwa kushikwa. Tulijaribu mwanga wa pembeni, hazikuonekana. Akaenda kuleta chaki anayowawekea ng'ombe alama, akasugua, akapangusa kwa kidole gumba, zikatokea nyeupe: 4 na 1.